Bima ya Ughaidi Pekee au Bima ya Machafuko Yote? Ulinganisho kwa Mwenye Mali Nchini Kenya

Mwenye jengo, hoteli au ghala nchini Kenya anayetaka kuikinga mali yake dhidi ya ughaidi ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kubaki na bima ya kawaida ya moto na majanga mengine, pengine ikiwa na nyongeza ya ghasia na migomo, na kuamini kwamba inatosha. Ya pili ni kuongeza kwenye mkataba huohuo kinga ya machafuko ya kisiasa na ughaidi, ambayo mawakala wa Nairobi huiita kwa kifupi PVT. Ya tatu ni kukata mkataba unaojitegemea, ambao ama unahusu ughaidi na hujuma tu, ama unapanda ngazi hadi kufikia uasi, mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanunuzi wengi huzilinganisha njia hizi kwa kutazama ada. Maoni yangu ni kwamba ada inafaa kutazamwa mwisho, na kwamba swali la kutangulia ni hili: tukio likishatokea, ni nani atakayeamua liitwe nini, na je, mkataba utalipa hata likiitwa vingine?

Inafaa kwanza kueleza kwa nini ughaidi ulitengwa na bima ya kawaida, kwa sababu jambo hilo ndilo linalopandisha ada hadi leo. Kabla ya tarehe 11 Septemba 2001, bima ya majengo ya biashara nchini Marekani ililipia ughaidi bila malipo ya ziada, kwa kuwa kampuni ziliuona kuwa hatari ndogo isiyostahili kuhesabiwa peke yake. Mashambulizi ya siku hiyo yalizigharimu kampuni za bima zaidi ya dola bilioni 30 kwa thamani ya wakati huo, na sehemu kubwa ya mzigo huo iliziangukia kampuni za bima mtawanyo, yaani zile ambazo kampuni za bima zenyewe huzikimbilia ili zigawane nazo hasara. Mikataba mingi ya bima mtawanyo huanza upya kila tarehe 1 Januari. Ilipofika Januari 2002, ughaidi ulikuwa umeondolewa katika mikataba hiyo karibu ulimwenguni kote, na kampuni ya bima iliyopoteza egemeo hilo haikuwa na njia ila kuuondoa pia katika mikataba ya wateja wake. Hivyo ndivyo tukio la New York lilivyobadilisha mkataba wa mwenye duka Nakuru ambaye hajawahi hata kupanda ndege.

Kenya, kwa bahati mbaya, haikuhitaji kuazima mifano ya mbali. Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulikuwa umelipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, siku ileile ambayo ubalozi wa Dar es Salaam ulishambuliwa. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka, na mnara wa Co-operative ukaharibika vibaya. Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala ililipuliwa. Baadaye zikafuata Westgate mwaka 2013, Mpeketoni mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 na DusitD2 mwaka 2019. Kila tukio la namna hii huwafanya watoa bima wapunguze kiasi ambacho wako tayari kukibeba katika mtaa mmoja, na hapo ndipo ughali na uhaba hukutana. Kampuni iliyokwisha kuyakatia bima majengo kadhaa ya Westlands au Upper Hill inaweza kulikataa jengo jingine la hapohapo, hata kama mwenye jengo ana walinzi hodari na yuko radhi kulipa, kwa sababu bomu moja lingeyagusa yote kwa pamoja. Kwa kawaida mtoa bima wa moto hujali zaidi nyaya zako za umeme na mitungi yako ya gesi. Mtoa bima ya ughaidi humtazama jirani yako, kama ni ubalozi, kituo cha polisi, jengo la maduka au hoteli inayopendwa na wageni.

Nchi kadhaa zimekataa kuliacha soko peke yake, na kuzitazama kwa ufupi kunamsaidia mnunuzi wa Kenya kuelewa anachokosa. Uingereza ilianza mapema. Bomu la IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, lililoharibu jengo la Baltic Exchange mjini London mwezi Aprili 1992 liliwafanya watoa bima mtawanyo wajitoe, na mwaka 1993 ikaundwa Pool Re, mfuko wa pamoja wa kampuni za bima ambao nyuma yake imesimama Hazina ya serikali. Mwanzoni ada zilipangwa kwa kanda, katikati ya London ikilipa zaidi na maeneo ya mashambani yakilipa kidogo. Mwenye majengo mengi hakuruhusiwa kuyakatia bima yale ya London tu na kuyaacha mengine, kwani kila mtu angefanya hivyo mfuko ungebaki na hatari tupu. Marekani ilipitisha sheria yake mwezi Novemba 2002, na tangu hapo imeirefusha mara kwa mara. Muda wa sasa unaishia tarehe 31 Desemba 2027. Huko kampuni inalazimika kumpa mteja nafasi ya kununua kinga ya ughaidi, mteja ana hiari ya kuikataa, na serikali inabeba asilimia 80 ya hasara ikishapita viwango fulani. Ufaransa imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1986 sheria inalazimisha kila bima ya mali ibebe ughaidi, kwa hiyo Mfaransa mwenye duka hana cha kuchagua wala cha kusahau.

Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa hali ya maisha ni wa Afrika Kusini. Sasria, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya ghasia za Soweto za mwaka 1976, huuza kwa ada ndogo kinga ya ghasia, migomo, fujo za umma na ughaidi kwa pamoja, kupitia kampuni za kawaida za bima, na karibu kila mwenye bima ya mali anayo. Ada ni ndogo kwa sababu wanaochanga ni wengi. Udhaifu wa mpango huo ulionekana Julai 2021, ghasia za KwaZulu-Natal na Gauteng zilipoleta madai ya takriban randi bilioni 32, zaidi sana ya uwezo wa kampuni, ikabidi serikali iiongezee mtaji na ada zikapandishwa. Pamoja na hayo, wenye maduka walilipwa, na hakuna aliyelazimika kwanza kuthibitisha kama waliomchomea duka walikuwa na ajenda ya kisiasa, walikuwa na njaa, au walikuwa wezi waliofuata mkumbo.

Kenya haina mfuko wa namna hiyo. Kampuni zetu zinaegemea bima mtawanyo za binafsi na za kikanda, zikiwemo Kenya Re na ZEP-RE zenye makao Nairobi, pamoja na soko la London. Ipo pia taasisi ya kimataifa iliyoanza mwaka 2001 kwa jina la African Trade Insurance Agency, sasa ATIDI, yenye makao makuu hapa Nairobi na nchi wanachama kama vile Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo miongoni mwa kazi zake hubeba hatari za machafuko ya kisiasa, ughaidi na hujuma. Huo ni msaada wa kweli, hasa kwa miradi mikubwa na kwa mikopo ya benki, lakini si ngao ya serikali inayomfikia kila mwenye kibanda. Ndiyo maana uchaguzi wetu ni mgumu kuliko wa Mfaransa, na makosa yetu ni ghali zaidi.

Tuanze na njia ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayochaguliwa na wengi, mara nyingi bila kujua kwamba wamechagua. Bima ya moto yenye nyongeza ya ghasia na migomo humlipa mtu ambaye wafanyakazi waliogoma wamemvunjia vioo, au ambaye kundi la watu limemchomea ghala. Hata hivyo, katika vighairi vya mkataba huohuo, yaani orodha ya mambo usiyoyalipia, kuna sentensi ndefu inayotaja vita, uvamizi, uasi, mapinduzi, na fujo za umma zinazofikia kiwango cha watu kuinuka dhidi ya utawala, na kwa kawaida kuna kighairi kingine kinachotaja ughaidi waziwazi. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyabiashara wengi waliochomewa mali waliisoma sentensi hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa na barua ya kukataliwa fidia mkononi. Walidhani wana bima ya ghasia, kampuni zikaona machafuko ya kisiasa, na moto ulikuwa uleule. Mtu aliyeko mahali popote ambapo siasa huweza kuwaka asiitegemee njia hii peke yake. Faida yake ni bei tu.

Njia ya pili, yaani PVT kama nyongeza, inaziba sehemu kubwa ya pengo hilo kwa ada ambayo biashara nyingi zinaimudu. Wenye magari wanaijua zaidi: katika bima kamili ya gari, ada inayotajwa mara nyingi ni robo ya asilimia moja ya thamani, yaani takriban shilingi 5,000 kwa gari la shilingi milioni 2, na kampuni nyingi huweka kiwango cha chini ambacho hata gari la bei ndogo halishuki chini yake. Kwa majengo ada hutofautiana sana kulingana na mtaa, matumizi na majirani. Uzuri wa nyongeza hii ni kwamba mwenye mali anabaki na mkataba mmoja na kampuni moja, kwa hiyo moto ukitokea katikati ya fujo hakuna kampuni mbili zinazosukumiana madai.

Udhaifu wake uko katika mambo matatu ambayo wakala hana haraka ya kuyataja. Kwanza, mara nyingi kiwango cha juu cha fidia kwa PVT ni kidogo kuliko thamani ya mali iliyoandikwa kwenye bima ya moto, na hicho ndicho kiwango cha mwaka mzima. Tukio la Februari likikimaliza, tukio la Oktoba litalikuta sanduku tupu. Pili, sehemu ya hasara ambayo mwenye mali hujibebea huwa kubwa kuliko ile ya moto. Tatu, nyongeza inafuata hatima ya mkataba mkuu na ya bima mtawanyo iliyo nyuma yake, hivyo yanayotokea London au Zurich mwezi Desemba yanaweza kuibadilisha au kuiondoa wakati wa kuhuisha mkataba, hata kama mtaa wako umekuwa shwari mwaka mzima.

Njia ya tatu ina matawi mawili, na hapa ndipo ulinganisho wenyewe unapohitaji uangalifu. Mkataba unaojitegemea wa ughaidi na hujuma, ambao kielelezo chake maarufu katika soko la London hujulikana kama T3, huutaja ughaidi kuwa kitendo cha mtu au kundi kinachofanywa kwa malengo ya kisiasa, kidini au kiitikadi, ikiwemo nia ya kuishawishi serikali au kuutia umma hofu. Maana hiyo ni pana kiasi cha kutosha, na haimsubiri waziri yeyote atangaze kwamba tukio ni la kigaidi. Tofauti na mfumo wa Marekani ni kubwa. Huko msaada wa serikali hauanzi kufanya kazi mpaka Waziri wa Fedha alithibitishe tukio rasmi, na hata mabomu ya mbio za marathoni za Boston ya mwaka 2013, ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeyaita jina jingine, hayakuwahi kuthibitishwa kwa ajili ya sheria hiyo. Kwa hiyo mkataba wa T3 unamwachia mwenye mali kazi ya kuthibitisha nia ya mshambuliaji kwa ushahidi wa kawaida, kazi ambayo kwa shambulio la Al-Shabaab si nzito.

Tatizo la tawi hili ni kwamba ghasia, migomo na fujo za umma ziko nje yake. Kwa hoteli ya Lamu au jengo la ofisi la Nairobi lenye wapangaji wa mashirika ya kimataifa, huenda ughaidi ndio hofu kuu na tawi hili likatosha. Kwa duka la jumla katikati ya jiji haliwezi kutosha. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliopinga Muswada wa Fedha waliingia Bungeni, na maduka yakaporwa Nairobi na katika miji mingine. Hapakuwa na gaidi. Mwenye mkataba wa ughaidi pekee siku hiyo alikuwa sawa na asiye na mkataba. Zaidi ya hayo, wapo maafisa na wanasiasa ambao hulikimbilia neno la ughaidi wanapowashtaki waandamanaji mahakamani, na mteja anaweza kujikuta kati ya shtaka linalosema ughaidi, mtoa bima ya ughaidi anayesema ni ghasia, na mtoa bima ya ghasia anayesema ni siasa.

Tawi la pili, yaani mkataba kamili wa machafuko ya kisiasa, limejengwa kwa ajili ya hali hiyohiyo. Linaunganisha katika karatasi moja ughaidi, hujuma, ghasia, migomo, fujo za umma, uharibifu wa makusudi, uasi, mapinduzi, na kwa anayelipa zaidi hata vita. Ada yake ni kubwa kuliko ya tawi la kwanza, na mahali penye historia mbaya tofauti hiyo huuma. Hata hivyo, kinachonunuliwa kwa tofauti hiyo ni kuondolewa kwa ubishi wenyewe, maana tukio likihama kutoka jina moja kwenda jingine linabaki ndani ya mkataba uleule. Kama ningelazimika kupunguza gharama mahali fulani, ningekubali kujibebea sehemu kubwa zaidi ya hasara, au kiwango cha fidia kilicho chini ya thamani nzima ya majengo yaliyotawanyika miji mbalimbali, kabla ya kukubali orodha fupi ya matukio.

Mikataba ya kujitegemea ina faida nyingine isiyosemwa sana. Mkataba wa T3 kwa kawaida hauruhusu mtoa bima kuufuta katikati ya mwaka isipokuwa ada haijalipwa. Linganisha na bima za vita za meli na ndege, ambazo zinaweza kufutwa kwa taarifa ya siku chache: baada ya Septemba 2001 mashirika ya ndege yalipewa notisi ya siku saba, na serikali zikalazimika kuingilia kati ili ndege ziendelee kuruka. Kwa mwenye hoteli ya pwani aliyekopa benki, uhakika wa miezi 12 una thamani yake. Kikwazo ni kwamba sheria yetu haimruhusu mwenye mali iliyoko Kenya kwenda London moja kwa moja kukata bima bila idhini. Mkataba hutolewa na kampuni yenye leseni ya hapa, kisha hatari husukumwa ng'ambo karibu yote. Kwa hiyo muulize wakala fidia italipwa lini: kampuni ya hapa ikishapokea fedha kutoka ng'ambo, au kwa tarehe iliyoandikwa katika mkataba wako.

Njia yoyote utakayochagua, yapo maswali ambayo Westgate imetufundisha kuyauliza. Mzingiro ule ulidumu siku nne. Sehemu ya jengo iliporomoka katika kipindi hicho, na wenye maduka waliporudi walilalamika kwamba bidhaa zao zilikuwa zimeibwa. Mkataba unaolipia kitendo cha gaidi tu hautoshi. Unapaswa kutaja kwa maandishi kwamba unalipia pia uharibifu unaosababishwa na vyombo vya usalama vinapomdhibiti mshambuliaji, na kueleza msimamo wake kuhusu wizi unaofuata. Jengo lenyewe lilifunguliwa tena mwezi Julai 2015, karibu miaka miwili baadaye, ilhali mikataba mingi ya kufidia mapato yaliyopotea huweka kikomo cha miezi 12. Mwenye jengo la maduka anayechagua miezi 12 kwa sababu ni nafuu anapaswa kujua kwamba anaweza kubaki bila kodi ya wapangaji na bila fidia katika mwaka wa pili.

Hasara ya mapato pasipo uharibifu ni shimo jingine. Shambulio la London Bridge na soko la Borough mwezi Juni 2017 lilifunga biashara za eneo hilo kwa takriban siku kumi, na wengi hawakulipwa kwa sababu hakuna kilichovunjika. Uingereza ilibadilisha sheria mwaka 2019 ili Pool Re iweze kubeba hasara za aina hiyo. Hapa kwetu, nyongeza ya kuzuiwa kufika kwenye jengo inapatikana katika baadhi ya mikataba ya kujitegemea, ikiwa na kipimo cha umbali kutoka mahali pa tukio na siku kadhaa za kusubiri, na kwa mgahawa au kliniki nadhani inafaa kulipiwa. Kisichopatikana kwa urahisi ni bima dhidi ya hofu yenyewe. Mwezi Mei 2014 mamia ya watalii wa Uingereza waliondolewa Mombasa kwa sababu serikali yao ilitoa tahadhari ya usafiri, na anayesafiri kinyume cha tahadhari kama hiyo huweza kupoteza bima yake ya safari. Hoteli zilibaki nzima, vyumba vikabaki vitupu, na hakuna njia hata moja kati ya zilizotajwa hapa ambayo ingelipa. Mwenye hoteli ajiwekee akiba kwa ajili ya hilo na asimwache wakala amwambie vingine.

Kwa mwenye gari au duka dogo, basi, nyongeza ya PVT ndiyo chaguo linalofaa, mradi kiwango cha fidia kisomwe kabla ya ada. Mwenye jengo kubwa, ghala au duka la jumla mjini, hasa akiwa na mkopo, atafute mkataba kamili wa machafuko ya kisiasa unaojitegemea. Ughaidi na hujuma pekee ninauona unamfaa mtu mmoja tu: yule ambaye bima yake ya moto tayari ina kinga nzuri ya ghasia na fujo za umma, na ambaye wakala wake ameilinganisha mikataba miwili neno kwa neno mpaka akaonyesha kwamba inagusana bila kuacha ufa.

Wakati wa kununua nao una uzito. Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Agosti 2027, na kwa mkataba wa miezi 12 anayeanza kinga yake mapema mwaka huo atakuwa ndani yake siku ya kura na siku za matokeo. Anayesubiri mpaka kampeni zipambe moto atazikuta kampuni zimejaza nafasi zao mitaani, na wakala atampa ada ya juu, kiwango kidogo, au jibu la kwamba arudi mwezi Septemba.